Watu sita, chumba kimoja, sufuria moja: tutaishije Mombasa siku 23?

Kwako Mama wa safu hii,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niliyeolewa miaka 14 iliyopita, na sasa tunaishi Eldoret ambako mume wangu anafanya kazi. Zamani, shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka, tulikuwa tukishukia kwa wazazi wa mume wangu, Mji wa Kale. Bavyaa alipofariki nyumba ile iliuzwa, warithi wakagawana, na mavyaa akahamia kwetu. Tangu hapo, tukienda Mombasa tunakodi chumba.

Mwaka jana tulikaa wiki mbili katika chumba kimoja huko Bamburi, na nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Chumba kina futi 12 kwa 14, kitanda kikubwa kimoja na kidogo kimoja, friji fupi isiyonifika kiunoni, birika la umeme na jiko la umeme linalobeba sufuria moja tu. Mwenye nyumba hakubali gesi wala makaa ndani, hataki samaki akaangwe humo, na anataka upikaji uwe umekwisha saa 3 usiku. Tulikuwa watu sita: mimi, mume wangu, mavyaa, binti yetu wa miaka 13, mvulana wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3.

Nilikuwa nawasha jiko baada ya sala ya alfajiri kwa chai, kisha uji wa mtoto, kisha chakula cha mchana kinachopikwa kwa zamu, wali kwanza halafu mchuzi, kisha chai ya jioni, kisha chakula cha usiku. Siku moja niliunganisha birika na jiko kwenye waya mmoja wa ekstensheni, umeme ukakatika ghorofa nzima, na mwenye nyumba akaja kutugombeza mbele ya wapangaji wengine. Siku nyingine mdogo alitapika usiku kucha baada ya kula wali wa mwiku uliokuwa umelala juu ya meza. Bahari yenyewe niliikanyaga mara mbili tu. Mume wangu alipoona nimechoka alipendekeza tununue chakula nje, nami nikakataa kwa kuhofia gharama, tukanuniana siku tatu. Mavyaa naye alisema, tena mbele ya wageni, kwamba mke anayenunua mahamri barabarani ni mke asiyejua kuamka.

Jambo jingine ni stara. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na alikuwa akibadilisha nguo chooni. Mimi na baba yake hatukuweza kuzungumza jambo lolote letu pasipo masikio ya watu wanne. Mavyaa ana mdogo wake mtaa wa Majengo, hapo Mombasa, ambaye alisema yuko tayari kumpokea, lakini naogopa kulitaja, asije akadhani namfukuza.

Mwaka huu tumeweka akiba na tumekwisha kulipia chumba kile kile kwa siku 23, kuanzia katikati ya Desemba. Watoto wana hamu kubwa, na mimi nina wasiwasi. Nishauri.

Mama wa watatu, Eldoret

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihesabu mara ulizokuwa ukiwasha jiko: tano kwa siku, ndani ya chumba ambamo watu sita wanalala, wanavaa, wanasali na kuanika nguo. Ulichukua kazi ya nyumba yenye jiko, ukumbi na ua, ukaitia katika futi 12 kwa 14. Ushauri wangu wote unatokana na hapo. Kipunguzieni chumba kazi: kiwe cha kulala, kuoga, kusali na kupika mara moja tu kwa siku. Mengine yafanyike nje, katika mji ambao tangu zamani watu wake wamejenga baraza mbele ya milango ili maisha yasibanane ndani.

Nianze na mavyaa, maana asiporidhika yeye, ratiba yoyote nitakayokupa itavunjika siku ya pili. Maneno aliyoyasema mbele ya wageni yalikuumiza, na hayakustahili kusemwa pale. Hata hivyo, jaribu kuona alikotoka. Amelelewa na kulea katika nyumba yenye ua, yenye mbuzi ya kukunia nazi na kinu, ambamo dada, wifi na mabinti walisaidiana, huyu akichambua mchele, yule akichuja tui. Anapokuona unanunua mahamri anaona ile nyumba yake iliyouzwa ikizidi kupotea. Kwa hiyo usimpinge kwa hoja ya gharama wala ya uchovu, mpe nafasi ya heshima katika mpango mpya. Mwambie, mkiwa bado Eldoret: "Mama, sisi hatuwajui tena wapishi wa mjini, wewe ndiwe unayewajua. Tuchagulie ni nani anayepika mbaazi za nazi kama zilivyokuwa zikipikwa kwenu." Mwanamke mzima wa Mombasa akiulizwa swali hilo hatanyamaza. Atataka kuonja, atakataa mbili tatu, atachagua, na chakula kilichochaguliwa naye hawezi tena kukuita mvivu kwa kukinunua.

Suala la Majengo usilitaje wewe hata kidogo. Huyo ni mama yake mumeo, na ni mumeo atakayekaa naye, peke yao, amweleze kwamba mjukuu wake amekuwa mwanamwali na anahitaji mahali pa stara, na kwamba anamwomba yeye, nyanya yake, awe naye usiku kwa yule mdogo wake. Hivyo ndivyo mambo yalivyo kweli, wala si hila: binti wa miaka 13 hapaswi kubadilisha nguo chooni kwa siku 23, na mvulana wenu anakaribia miaka 10, umri ambao dini yetu imetuagiza tuwatenganishe watoto malazi. Mavyaa na binti wakilala Majengo usiku nne au tano kwa wiki na kushinda nanyi mchana, chumba kinabaki na watu wanne wakati wa kulala, na kila mmoja anapata pumzi. Nauli ya matatu ya kwenda na kurudi itieni kwenye bajeti tangu mwanzo, na asubuhi mumeo awafuate mwenyewe. Mama akifuatwa na mwanawe kila asubuhi hajihisi amefukuzwa.

Sasa chakula. Chai ya asubuhi nunueni. Mombasa kuna watu waliokwisha kuamka kabla yako, wakaumua unga na kutia iliki, na mahamri yao yanatoka motoni unapomaliza kusali. Mpe mvulana bakuli lenye kifuniko aende nalo kuchukua mbaazi, mfuko wa plastiki haufai kwa kitu cha moto. Chai chemsha kwa birika mara moja, uitie kwenye chupa ya chai. Uji wa mdogo nao, ukishaiva, uingie katika chupa nyingine ndogo iliyosuzwa kwa maji ya moto, nao utabaki wa moto hadi saa 4.

Jiko liwashwe saa 4 asubuhi kwa pishi moja kubwa, la chakula cha mchana. Hapa pana ujuzi mmoja ambao ungekuokoa mwaka jana. Pika wali kwanza. Maji yanapokaribia kukauka, ondoa sufuria jikoni ikiwa imefunikwa barabara, ifunge kwa taulo nene kisha kwa blanketi, uitie ndani ya kikapu au kapu la ukindu. Wali utamalizika kuiva kwa joto lake wenyewe, bila moto, nawe jiko umelipata kwa ajili ya mchuzi. Pojo, ambazo huko Eldoret watu huziita ndengu, zinafaa sana kwa namna hii: ziloweke usiku, zichemshe dakika 15, zifunge kwenye blanketi saa moja na nusu, kisha zirudishe motoni kidogo na tui la pakiti. Maharagwe mekundu ndiyo usiyafanyie hivyo yakiwa mabichi. Yana sumu ya asili ambayo joto la polepole haliiondoi, kwa hiyo ni lazima yalowe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na yachemke kwa nguvu walau dakika 10, mimi huyapa nusu saa, ndipo yafungwe. Kama hilo linakupa wasiwasi, kaa na pojo, dengu na kunde.

Kuhusu samaki, mwenye nyumba ana haki yake, kwa kuwa harufu ya mafuta katika chumba cha kulala haitoki hata baada ya wiki. Mnunueni aliyekwisha kukaangwa. Jioni, sehemu nyingi za mji, wanawake hukaa na karai zao wakiuza changu na tafi, na samaki huyo pamoja na boflo, kachumbari ya ndimu na embe la msimu ni chakula cha usiku kinachotosha kabisa. Usiku mwingine iwe viazi karai, mishkaki, au muhogo wa kuchoma. Maembe Desemba ni mengi, na matatu zinazotoka Bamburi kwenda mjini hupita karibu na soko la Kongowea, ambako matunda na mboga huuzwa kwa fungu kwa bei ambayo maduka ya karibu na ufuo hayawezi kuifikia. Mumeo aende mara mbili kwa wiki, mapema, kabla ya jua kuwa kali.

Ulihofia gharama, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwaka jana mlinuniana bila hesabu yoyote mkononi. Kaeni wawili kabla ya safari, mwandike gharama ya siku moja ya kupika kila kitu, pamoja na mafuta, viungo, maji na chakula kilichomwagwa kwa kuharibika, kisha mwandike gharama ya siku moja ya kununua chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Tofauti ya hizo mbili izidisheni kwa 23. Hicho ndicho mnacholipa ili wewe nawe uwe likizoni. Kikitengwa tangu Eldoret, kiwe na bahasha yake, hakuna atakayekuwa na la kununia mbele ya kibanda cha chakula.

Mwiku ninataka kuuzungumza kwa uzito, maana palikuwa na mtoto mdogo. Siwezi kusema kwa hakika kilichomtapisha, lakini wali uliolala mezani katika joto la Mombasa ni hatari inayojulikana vizuri. Mchele una vijidudu vinavyotengeneza vimbegu visivyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto, vimbegu hivyo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mara ya pili. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na mchana wa Desemba, joto likipita nyuzi 32, usizidishe saa moja. Hesabu hiyo ni ya chakula kilichopoa. Kile kilichofungwa kwenye blanketi kikiwa bado cha moto wa kuunguza ulimi kinaweza kungoja zaidi, ila kiliwe mchana huo huo. Friji ile fupi haiwezi kupoza sufuria nzima ya moto, badala yake itapasha joto maziwa yaliyomo. Utandaze wali kwenye chombo kipana, upoe haraka, ndipo uutie ndani. Bora kuliko hayo yote, pima mchele wa mlo mmoja tu.

Umeme ni hesabu nyepesi. Soketi ya kawaida nchini Kenya ni ya ampea 13 kwenye volti 240, yaani hubeba wati 3,100 hivi. Birika nyingi za umeme hula wati 2,000 au zaidi, na jiko la sahani moja hula 1,000 hadi 1,500. Ukijumlisha hizo mbili kwenye waya mmoja unaona mwenyewe kilichotokea, na unaona pia kwamba ekstensheni nyembamba ingeweza kuyeyuka na kuwaka. Tazama kibandiko chini ya kila chombo, kimeandikwa wati zake. Jiko lichomekwe ukutani moja kwa moja, na chombo kimoja cha joto kitumike kwa wakati mmoja, pasi ya nguo ikiwamo. Usije ukashawishika kuingiza jiko la makaa kwa siri siku ambayo tokeni za umeme zimekwisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kidogo dirisha lililo wazi halitoshi kuiondoa. Familia nzima hulala isiamke.

Maji ya mfereji sehemu nyingi za Mombasa yana chumvi, na siku nyingine hayatoki. Kwa watu sita katika joto lile, mimi ningepanga mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku wa kunywa na kupikia, na kuupokea kwa mwenye mkokoteni iwe kazi ya mumeo. Kazi yake ya pili ni watoto. Saa unayopika, yeye, binti na mvulana wasiwepo chumbani kabisa, wawe ufuoni, na mdogo wachukue zamu. Wakirudi, mvulana aoshe vyombo pamoja na dada yake.

Jambo la ufuo lina elimu yake ambayo wewe mzaliwa unaijua, ila huenda umeisahau huko Eldoret. Pangeni siku kwa maji, msipange kwa saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hapo mchanga unakuwa mpana na vidimbwi vinabaki miambani, mahali pa salama kwa mtoto wa miaka 3 kushika kaa wadogo baba yake akiwa kando. Kuogelea kwa wakubwa kungoje jioni maji yakijaa. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na mnaweza kwenda wakati wowote, ingawa mimi nisingempeleka mtoto juani kati ya saa 5 na saa 9. Mlangoni mwa chumba wekeni ndoo ya maji na kopo, na mtu yeyote asiingie na mchanga miguuni. Sharti hilo peke yake litakupunguzia nusu ya kufagia.

Si kila siku iwe ya kulipia. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ni bure, japo siku za Krismasi na mwaka mpya hujaa watu kiasi cha kupotezana na mtoto, na siku hizo ningekaa mbali nao. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi nauli ya feri, na kwa mvulana wa miaka 9 aliyekulia bara, safari ile ya kwenda na kurudi huku meli zikiingia Kilindini ni jambo la kusimulia shuleni. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni kuna upepo, mibuyu, madafu na muhogo. Zilipieni chache: Haller Park, bustani ya wanyama iliyo hapo hapo Bamburi, ambayo ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji hadi upandaji wa mivinje ulipoanza 1971, na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno 1593. Siku ya Fort Jesus mwacheni mavyaa awe kiongozi wa mitaa ya Mji wa Kale baadaye. Awaonyeshe wajukuu mlango wa nyumba yao. Atalia kidogo, na aachwe alie.

Mambo ya ndani nayapita haraka. Magodoro ya ziada yakunjwe kila asubuhi kabla ya chai. Kila mtu awe na mfuko mmoja tu, nao ukae chini ya kitanda. Chakula chote kikae kwenye makopo yenye vifuniko, kwa ajili ya mende na sisimizi. Kila malazi yawe na chandarua, maana pwani malaria ipo, na watoto waliokulia baridi ya Eldoret hawajaizoea. Leso mbili na kamba ukutani zitakupa pembe ya kubadilishia nguo, na dirisha la upande wa bahari liachwe wazi kuipokea kaskazi.

Nanyi wawili, mwanangu, msizungumze mambo yenu usiku gizani mkidhani watoto wamelala. Mara mbili kwa wiki, baada ya isha, mwacheni binti na nyanya yake wakae na wadogo, mtoke mtembee ufuoni nusu saa penye watu na taa. Na alasiri moja kila wiki iwe yako peke yako, kwa shoga yako au kwa kulala tu, bila kumweleza mtu yeyote umefanya nini.

Kabla ya safari mwandikie mwenye nyumba umwombe radhi kwa yale ya mwaka jana, umweleze utakavyotumia umeme safari hii, na umuulize kama nyuma ya nyumba kuna ua wazi ambao wapangaji wanaruhusiwa kuwasha jiko la makaa. Akikubali, niandikie tena mapema. Samaki wa kupaka hapikiki katika chumba chako, lakini uani anapikika, na mavyaa ndiye wa kukaa mbele ya jiko hilo.